CURDATE() au UTC_DATE()? Mfumo unapanda kesho

jedwali_moja: Wakuu, salaam. Nina mfumo wa ankara, kesho unaanza kazi. Nataka tarehe ya leo kwa UTC, ile saa ya marejeo ya dunia nzima. Nitumie CURDATE() au kuna kingine?

BabaSeva: Hifadhidata gani? Toleo lipi? Seva imewekwa majira gani? Au tukupigie ramli?

jedwali_moja: Samahani mkuu. MySQL 8, seva iko saa tatu mbele ya UTC.

kwerii: UTC_DATE(), umemaliza. CURDATE() na NOW() hufuata time_zone ya sesheni, yaani majira yaliyowekwa kwenye muunganisho wako. Ukiiweka kwenye DEFAULT (thamani ya safuwima usipoijaza) usisahau mabano: DEFAULT (UTC_DATE()). Kabla ya toleo 8.0.13 inakataa.

PostgresDamu: Hamia hifadhidata ya PostgreSQL upumzike. (now() AT TIME ZONE 'utc')::date

BabaSeva: Kila uzi wewe ni kuhama tu. CURRENT_DATE ya huko nayo si inafuata sesheni? Umepumzika nini?

mkesha_kodi: CURDATE() ilishanitoa jasho. Seva kama yako, saa tatu mbele. Ankara zilitumia CURDATE(), malipo yaliandikwa na programu kwa UTC. Mchana kila kitu shwari. Mteja akilipa saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 1, ankara inasoma tarehe 1, malipo yanasoma 31. Mwezi ukifungwa, hesabu hazikutani. Nami najaribu mchana, naona safi! Wiki mbili namshuku mhasibu, maskini. Usiku mmoja nikakesha, nikaandika SELECT CURDATE(), UTC_DATE(). Zikatoka tarehe mbili mstari mmoja. Nilicheka peke yangu.

BabaSeva: Sasa huyo mteja kwake ni tarehe 1. Ankara ya UTC itamwambia 31, atakuelewa? Hifadhi UTC_TIMESTAMP() nzima, tarehe pamoja na saa, tarehe uitoe wakati wa kuonyesha.

kwerii: Ila kwenye safuwima ya DATETIME. Ukiitia kwenye TIMESTAMP, MySQL inadhani ni saa ya sesheni, inakuondolea saa tatu tena.

PostgresDamu: Na TIMESTAMP yenu inakufa Januari 2038, haipokei tarehe za baada ya hapo, hahaha.

mkesha_kodi: Hifadhidata ya SQLite ndiyo yenye adabu. date('now') ni UTC bila kuombwa.

PostgresDamu: Hivi kwa nini UTC, si CUT?

BabaSeva: Kwa Kiingereza ingekuwa CUT (Coordinated Universal Time), kwa Kifaransa TUC (Temps Universel Coordonné). Wakachukua isiyo ya yeyote.

jedwali_moja: Jamani, ankara zangu. Safuwima iwe DATE (tarehe tu) au DATETIME?

kwerii: Kwanza tuambie, wateja wako wote wako majira mamoja?