Naomba ushauri: nitaipanguaje video ya simu kwenye kesi ya mauaji?

Wakuu habari zenu, nyie mliosoma sheria naomba mnipe mwanga. Darasani tuna mjadala wa kesi ya Alex Murdaugh kule South Carolina, Marekani, yule wakili aliyetiwa hatiani 2023 kwa kumuua mkewe na mwanae wa kiume Juni 7, 2021, na mimi ndo nimepangiwa utetezi (bahati yangu hiyo).

Kinachonikwamisha ni video fupi aliyorekodi huyo kijana na simu yake saa 2:44 usiku kwenye mabanda ya mbwa, sauti ya baba inasikika wakati alishawaambia wapelelezi hakuwa pale, na dakika chache baadae simu za marehemu zikajifunga hazikufunguliwa tena. Kizimbani akakiri alidanganya.

Upande wa maabara angalau pana pa kushika. Silaha mbili zilizotumika hazikupatikana, hiyo inanipa hoja ya wauaji wawili, na zile chembechembe za baruti mwilini na kwenye nguo zake nasema zimetoka kwenye bunduki aliyokuwa nayo polisi walipofika. Nimejaribu pia hoja kwamba data za simu zinaonyesha simu ilipo, sio mtu, ila ile sauti inaniharibia kila kitu.

Sasa naomba kujua, uongo wa mshtakiwa kuhusu alipokuwa unahesabika kama ushahidi kwamba ameua au unamwondolea tu kuaminika? Na je nikomalie eneo la tukio kutolindwa vizuri, au jury (lile jopo la raia wanaoamua kama ana hatia) litaona natapatapa?