Wakuu naomba ushauri: rashasha fupi ya polisi inayokaa ndani ya koti (ni ya riwaya jamani)

Kalamu_Butu:
Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua silaha. Naandika riwaya ya kipelelezi, nimefika sura ya 7 nimekwama, hii ni wiki ya tatu sasa usingizi sina. Mhusika wangu ni polisi wa Ujerumani Magharibi anaitwa Dieter, kazi yake kumlinda mgeni mmoja mkubwa mjini Munich. Anavaa koti refu na ndani ya koti kabeba rashasha fupi, nimempa MP5K ya Heckler & Koch. Swali langu dogo tu, je kweli inakaa ndani ya koti watu wasijue? Na hizi K, KA1, KA4, PDW zinatofautianaje, maana nimesoma mpaka kichwa kinauma. Matusi sitaki, nina haraka.

Mzee_wa_Koleo:
Nimeingia mbio nikajua ni uzi wa Uzi, ile rashasha ya Israel, kumbe uzi wa MP5. Mmeniangusha.

ChumaBaridi:
Inakaa mkuu. K ni kurz, fupi kwa Kijerumani. Urefu wote milimita 325, mtutu milimita 115, uzito kama kilo 2 bila risasi. MP5 ya kawaida mtutu wake ni 225 kwa hiyo wameupunguza karibu nusu, na kitako wametoa kabisa, nyuma kuna kifuniko tu. Mbele wakaweka mshikio wa kusimama, na karibu na mdomo wa mtutu kuna kizuizi ili mkono usiteleze ukaenda mbele ya risasi, maana bunduki ikiwa fupi hivyo ukishtuka unajipiga mwenyewe.

KA1 ndiyo ya koti hasa, vilengeo vyake vidogo na mgongo umelainishwa ili isinase kwenye nguo ukiichomoa. KA4 ni K yenye uwezo wa kutoa risasi tatu tatu, KA5 ni KA1 yenye hizo tatu tatu. PDW ni ya 1991, ina kitako cha kukunja. Kuna hadi mkoba wa kiofisi, bunduki imefungwa ndani na cha kufyatulia kiko kwenye mpini wa mkoba, mtu anatembea nao kama anaenda kwenye kikao.

Sasa niambie, hadithi yako ni ya mwaka gani?

Kalamu_Butu:
Asante sana mkuu, ubarikiwe. Mwaka sio ishu sana, ni enzi zile za vita baridi. Kwa hiyo KA1 ndiyo nimpe Dieter?

dogo_gemu:
Mi kwenye gemu naitumia hiyo MP5K ni moto ila magazini inaisha haraka mno, unakohoa tu imeisha

ChumaBaridi:
Dogo hapo hawajakudanganya. Inapiga kama risasi 900 kwa dakika, gawa kwa 60. Magazini ya risasi 15 inaisha kwa sekunde moja. Na Kalamu, vita baridi ni miaka arobaini na zaidi. Mwaka.

Mama_Subira:
Kwani lazima bunduki? Wanangu siku hizi kila kitabu damu, kila filamu damu. Andika kuhusu huyo Dieter na mke wake, kwa nini hatulii nyumbani. Huo ndio upelelezi watu wanaoutaka.

Lindo_la_Usiku:
Mimi nilikuwa mlinzi wa getini miaka 11, nimebeba bunduki kila usiku na sijawahi kuifyatua hata mara moja. Usiku mmoja paka akaangusha mabati, wallahi nilisahau kama nina bunduki begani, nikapuliza filimbi mpaka meno yakauma. Bosi alipotoka akaniuliza hiyo begani ni mwiko? Kwa hiyo huyo Dieter wako akichomoa haraka haraka kama kwenye sinema mimi kitabu naweka chini. Mtu wa kweli anapapasa kwanza.

Kalamu_Butu:
Lindo nimeipenda hiyo ya filimbi, ruhusa niichukue? Mama Subira Dieter hana mke. ChumaBaridi kwani mwaka unahusiana nini na koti?

ChumaBaridi:
Unahusiana na kama hiyo bunduki ilikuwepo.

Kalamu_Butu:
Haya. 1974. Julai 7. Ni siku ya fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi na Uholanzi, kitabu kizima kinatokea siku hiyo moja kuanzia asubuhi mpaka kipenga cha mwisho. Mgeni anayelindwa yuko jukwaani Olympiastadion. Ndiyo maana sikutaka kusema, ni siri ya kitabu.

ChumaBaridi:
MP5K imetoka 1976.

Mzee_wa_Koleo:
😂😂😂 Dieter kabeba bunduki ambayo haijazaliwa

Kalamu_Butu:
Miaka 2 tu wakuu. Msomaji gani atakaa na kalenda? Halafu Dieter ni polisi maalum, anaweza kuwa kapewa ya majaribio. Na jalada limeshachorwa, Dieter na MP5K yake, hela ya mchoraji nimeshamaliza.

ChumaBaridi:
Msomaji gani? Mimi hapa.

Ila sikuachi hivi hivi. Mwaka ule unazo za kuchagua. Kwanza MP5 yenyewe, polisi wa Ujerumani Magharibi na walinzi wao wa mpaka waliichukua 1966. Chukua A3, ile ya kitako cha kusukuma ndani. Uzuri wake ni kwamba ni G3, bunduki kubwa ya jeshi lao, iliyopunguzwa ikala risasi ya bastola ya milimita 9. Ndani kuna roleri mbili ndogo zinazoshikilia kichwa cha bolti, kile chuma kinachofunga mlango wa risasi, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, presha ikishuka ndipo zinaachia. Kwenye Uzi ukivuta kifyatulio chuma chote kizito kinaruka mbele kwanza ndipo risasi ilie, mkono umeshatikisika kabla hata hujapiga. Kwenye MP5 risasi imeshakaa chemba na mlango umefungwa, ukivuta nyundo tu ndiyo inagonga. Kwa polisi anayepiga mtu aliyesimama nyuma ya mateka hiyo ndiyo tofauti yote, na ndiyo maana vikosi vingi vilikuja kuing'ang'ania.

Pili kuna Walther MPK ya 1963, ukikunja kitako inakaribia sentimita 37, hiyo kwa koti inaingia. Haina ustadi wa MP5, ila ilikuwepo na polisi wa kule walikuwa nayo. Tatu ni Uzi, jeshi lao waliiita MP2.

Kalamu_Butu:
Walther hapana, jina halina mvuto. Uzi hapana, wasomaji watacheka, Mzee wa Koleo kashaanza. MP5 ndefu haiingii kwenye koti na koti ndiyo roho ya kitabu.

Kipenga90:
Subirini. Koti refu mwezi wa 7?? Ulaya mwezi wa 7 ni kiangazi mkuu.

Kalamu_Butu:
Hapo mmenikosa. 1974 mvua ilinyesha, mechi ya Ujerumani na Poland kule Frankfurt tarehe 3 Julai uwanja ulijaa maji mpaka wakaleta mashine za kuyakausha. Koti ni la mvua.

Kipenga90:
Hapo umefanya utafiti, hongera. Na fainali yenyewe ndiyo ile Uholanzi walipata penalti Mjerumani hajagusa mpira hata mara moja, Cruyff kaangushwa, Neeskens kafunga. Halafu Breitner akasawazisha kwa penalti, Müller akamaliza, 2-1.

Mzee_wa_Koleo:
Mnamtaja Cruyff mnamsahau Mwepu Ilunga? Kombe hilohilo, Zaire. Brazil wana frikiki, filimbi ilipolia tu jamaa katoka kwenye ukuta kabla Mbrazil hajapiga, akaubutua mpira mpaka kule. Dunia nzima ikacheka eti Waafrika hawajui sheria. Mwenyewe baadaye alieleza kuwa sheria alikuwa anazijua vizuri, walishakula 9 za Yugoslavia na nyumbani kulikuwa na vitisho. Andika riwaya ya huyo mtu mkuu, achana na Dieter.

Mama_Subira:
Hiyo ningesoma.

JichoLaTatu:
Samahani kuwaharibia starehe. Mleta uzi kajiunga jana. Posti yake ya kwanza ni namna ya kuficha rashasha ndani ya koti. Mwaka wa hadithi hakuutaja mpaka kabanwa, kila silaha anayopewa anaikataa, anataka ileile ya kufichika. Sura ya 7 imekwama lakini jalada limelipiwa? Nani analipia jalada la kitabu ambacho hakijaisha? Hakuna riwaya hapa. Mmekaa mnamwelekeza mtu msiyemjua.

Lindo_la_Usiku:
Eh. Mimi nimempa filimbi tu, mashahidi mpo.

ChumaBaridi:
Jicho, nilichosema hapa kipo kwenye makumbusho na vitabu vyote. Ila hoja ya jalada ina uzito. Kalamu, weka hata aya moja tuione.

Kalamu_Butu:
Nimeumia sana. Miaka 3 naandika halafu naitwa jambazi. Jalada nililipia mapema ili nijilazimishe kumaliza, nyie hamjawahi kujifunga hivyo? Haya someni:

"Dieter aliichomoa MP5K kutoka ndani ya koti, kiganja cha kushoto kikiukumbatia mdomo wa mtutu uliokuwa baridi kama moyo wa adui. Akasogeza swichi. Risasi tatu. Kimya. Risasi tatu tena. Magazini ikaisha. Machozi ya mvua yalimtiririka."

JichoLaTatu:
Naomba radhi. Jambazi hawezi kuandika hivi.

Mzee_wa_Koleo:
Baridi kama moyo wa adui 😂 adui wa baridi moyoni, Dieter wa baridi kiganjani, wote waletewe blanketi

ChumaBaridi:
Kiganja chake kimeshatobolewa, nimekwambia juu huko kizuizi cha mbele ni cha nini. Tatu tatu zilikuja baadaye, swichi ya enzi zile ina herufi tu, S ni salama, E ni moja moja, F ni mfululizo. Na risasi 6 zinamalizaje magazini ya 15?

Kalamu_Butu:
Labda alianza na nusu.

dogo_gemu:
😭😭

ChumaBaridi:
Sikia. Hata maadui zako kama ni RAF, kile kikundi cha kigaidi cha Ujerumani Magharibi kilichoanza 1970, nembo yao ilikuwa nyota nyekundu na juu yake MP5. Polisi anayo, na adui kaichora kwenye bendera yake. Huoni utamu wa hiyo? Mpe Dieter MP5 ya kawaida, iache ndani ya gari, aikimbilie kwenye mvua akiwa na koti tupu. Papo hapo una sura nzima.

Kalamu_Butu:
Nimeielewa, ni nzuri. Ila jalada mkuu. Mnisaidie kitu ambacho hakigusi jalada.

ChumaBaridi:
Kwanza liangalie jalada. Magazini iliyochorwa imenyooka au imepinda?

Kalamu_Butu:
Imepinda kidogo kama ndizi. Kwani?

ChumaBaridi:
Za kupinda zimeanza 1977. Zile za mwanzo zilinyooka kama rula. Kwa hiyo hata ukisogeza kitabu mpaka 1976 jalada linakusuta. Na 1977 kule ni mwaka wa Schleyer, yule bosi wa waajiri aliyetekwa na RAF akauawa, na ile ndege ya Ujerumani iliyotekwa ikakombolewa Mogadishu, ukiweka Dieter hapo lazima uyaguse.

Kalamu_Butu:
1977 siigusi, kila mtu kaandika. Basi nimekwisha.

Kipenga90:
Hujaisha. Olympiastadion ileile, Munich ileile, Uholanzi walewale. Juni 25, 1988, fainali ya Ulaya, Uholanzi 2 Urusi ya Kisovieti 0. Gullit kwa kichwa na van Basten lile shuti la pembeni ambalo hadi leo sijui liliingiaje. Ujerumani Magharibi bado ipo, vita baridi bado ipo, na mgeni wako anaweza kuwa Msovieti, ananoga zaidi.

ChumaBaridi:
Na 1988 KA1 haina shida, magazini ya kupinda haina shida, tatu tatu nazo zipo. Kipenga umemwokoa.

Kalamu_Butu:
Dieter ana miaka 31, baba yake alikufa vitani 1943 mama akiwa na mimba. 1988 atakuwa na 45.

Lindo_la_Usiku:
Wa 45 ndiye anayepapasa. Mimi nilikuwa na 44 siku ya paka.

Mama_Subira:
Na miaka 45 hana mke? Hapo sasa kuna hadithi.

Kalamu_Butu:
Sawa sawa naona inawezekana. Mvua nitaipunguza. Tatizo moja dogo limebaki, sikulitaja kwa sababu sikuona umuhimu. Kwenye jalada nyuma ya Dieter anaonekana mchezaji wa Uholanzi, kageuka mgongo, namba 14.

Mzee_wa_Koleo:
Huyu mtu anatoa habari kama anatozwa kwa neno.

Kipenga90:
14 ni Cruyff. Lakini tulia. Van Basten 1988 alivaa 12. Mwambie mchoraji afute 4 aweke 2, ni dakika mbili.

Kalamu_Butu:
Na nywele ndefu je?

Kipenga90:
Mwongezee rasta, awe Gullit. Namba 10.

Kalamu_Butu:
Ngoja nimpigie.