Majirani: Mashine ya kusafisha hewa

Mama Zawadi: Jamani, kuna mashine ya kusafisha hewa imeandikwa "chumba hadi mita za mraba 40". Chumba cha mtoto ni 4 kwa 3. Si inatosha na kubaki?

Fundi AC: Hiyo 40 iache kwanza mama. Tafuta CADR kwenye boksi, yaani kiasi cha hewa safi inachotoa mashine, kwa mita za ujazo kwa saa. Dari ina urefu gani?

Mama Zawadi: 2.7

Fundi AC: 4 × 3 × 2.7 = 32.4. Zidisha kwa 5, maana hewa yote inatakiwa ipite kwenye chujio kama mara 5 kwa saa. Unapata 162. Sasa, CADR hupimwa feni ikiwa kasi ya mwisho, na kwa ngurumo ile mtoto halali. Chukua ya 300 hivi, uiendeshe kasi ya kati.

Baba Neema: Na usome vizuri chujio lake. HEPA ni chujio la chembe ndogo sana. "Aina ya HEPA" siyo HEPA 😏 HEPA yenyewe hukamata asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Ukikuta H13, daraja mojawapo la HEPA, sawa.

Bi Asha: Inatoa na harufu?

Baba Neema: HEPA ni ya vumbi, chavua na chembe za moshi. Harufu ni kazi ya kaboni, tena ya punje. Ile sponji nyembamba iliyopakwa unga mweusi hujaa upesi, halafu harufu inarudi. Yenye kutoa ozoni msinunue kabisa, inachoma mapafu.

Bi Asha: Chujio linaoshwa?

Fundi AC: Wavu wa nje tu, kila wiki 2, na ukauke kabisa la sivyo unaota ukungu. HEPA ya karatasi ukiitia maji mikunjo inashikana, imekwisha. Halafu chujio jipya huja limevikwa nailoni humo humo ndani ya mashine! Watu huwasha hivyo hivyo miezi. Fungua mlango wa nyuma, vua nailoni, ndipo uchomeke. Usiibane ukutani, iache sentimita 30.

Mama Zawadi: Nimeligeuza boksi. CADR 130.

Fundi AC: Kwa chumba cha mita 40 hiyo ni mara moja na kidogo kwa saa 😂 Kwa mtoto inafika mara 4, tena ikinguruma. Usilipe bado.