MJADALA: Cheti cha mafunzo ya mtandaoni kiwe sharti la mwalimu kupanda daraja?

Walimu wenzangu, habari za majukumu. Naleta hoja hii tuijadili bila kuoneana haya. Wapo wanaotaka mwalimu asipandishwe daraja mpaka aoneshe vyeti vya mafunzo aliyosoma mtandaoni. Mimi napinga, ingawa naamini kabisa kwamba mtandao umetufundisha kazi kuliko semina nyingi za ukumbini.

Chukueni mfano wa kundi letu la WhatsApp la walimu wa Kemia. Jioni moja mwenzetu wa shule ya kata aliandika kwamba kesho yake ana kipindi cha asidi na besi, na maabara haina indiketa (kimiminika kinachobadili rangi kuonesha asidi au besi) hata tone. Hata hajala chakula cha usiku, majibu yalishaanza kumiminika. Mmoja alimwambia achemshe maua ya choya: maji yake hubaki mekundu kwenye asidi, kwenye besi hugeuka kijani. Mwingine akamkumbusha kwamba asidi ya betri za magari inauzwa hata mjini kwao, na magadi yapo sokoni. Hapo mwalimu mmoja mkongwe akatuma ujumbe wa sauti, akarudia mara mbili: asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, polepole, kamwe usimimine maji kwenye asidi, na azimue mwenyewe kabla wanafunzi hawajaingia. Kesho yake mchana picha za mirija zikaingia kundini, myekundu upande huu, ya kijani upande ule.

Hakuna aliyepewa cheti siku ile. Lakini swali lilitoka darasani na jibu likarudi darasani, na sisi tuliokuwa tunasoma kimya kimya tukaondoka na kitu.

Sasa weka sharti la cheti uone. Mwalimu mwenye vipindi vingi na madaftari ya kusahihisha atafungua moduli usiku, atapitisha kurasa, kisha ataomba majibu ya jaribio kundini. Kundi lile lile la choya litageuka mahali pa kugawana majibu.

Wenzetu wa Kenya wameshaonja. Mwaka 2021 tume yao ya kuajiri walimu, TSC, ilitangaza mafunzo ya lazima ambayo mwalimu angeyalipia shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka, kutoka mfukoni mwake. Chama cha walimu cha KNUT kilipinga, na ada ndiyo ikawa gumzo kuliko yale ambayo mwalimu angejifunza.

Kwetu Tanzania tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ina moduli za mtandaoni, na ina JUYA, zile jumuiya za ujifunzaji ambamo walimu wa shule moja hukaa pamoja kujadili ugumu wa ufundishaji. Kwa maoni yangu JUYA ndiyo moyo wa mpango wote. Alichookota mwalimu mtandaoni akilete pale, akijaribu mbele ya wenzake, na mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija akikute kwenye andalio la somo na darasani.

Wanaotaka cheti wana hoja moja nzito, nami naiheshimu: bila kumbukumbu rasmi, anayejituma na asiyejituma wanapanda pamoja, na hilo linavunja moyo. Ni kweli. Ila cheti kinamtambua aliyemaliza moduli. Yule mkongwe anayejibu wenzake kila jioni kwa bando lake mwenyewe hakimwoni.

Kabla hatujadaiwa vyeti, tupewe bando na kipindi kimoja kwa wiki kwenye ratiba ya shule kwa kazi hii.

Nawasubiri wenye maoni tofauti. Na hasa mlioko shule ambako mtandao ni wa kupanda kilima: sharti hili likipita, mtalitimizaje?