Ile kampuni ya hadidiski mnayoijua wote imenidhalilisha leo hapa Dodoma!!!

Kamera_Nkuhungu:
Wakuu nina hasira mikono inatetemeka, nikikosea spelingi mniache. Ile kampuni siitaji jina, mnaijua wote, ile ambayo ukimtajia fundi yeyote anaguna kwanza ndo anajibu. Nimenunua diski yao ya nje terabaiti moja, nimeilea kama yai la kanga, safarini naipakata, kwa vumbi letu hili nikaifungia kwenye soksi mpya ambayo mwenyewe sijawahi kuivaa. Jana usiku nachomeka nianze kuedit harusi ya Jumamosi, ikasema tik. Nikasubiri. Tik. Tik. Tik. Kama mjusi kabanwa na mlango.

Humo kuna harusi NZIMA, kuanzia bibi harusi anatoka saluni mpaka mjomba anacheza na godoro kichwani. Memori kadi nilishazifuta Jumapili niende kupiga kipaimara. Nyamazeni, najua.

Sasa asubuhi nimeenda dukani, risiti mkononi, waranti miaka miwili imeandikwa kwenye boksi. Kijana wa kaunta hata kuichomeka hakuichomeka, kaiweka sikioni kama anaongea na simu huku anatafuna mhogo, halafu ananiuliza mbele za watu: "Kwani bro humo ndani kulikuwa na kitu cha maana?"

KITU CHA MAANA. Anasema waranti ni ya diski, vilivyomo shauri yako, nisubiri wiki tatu nitaletewa mpya kutoka Dar. Mpya tupu naifanyia nini, nimpelekee mama wa bibi harusi aitazame? Ameshapiga simu mara 9. Kitu cha maana jamani. Na mhogo mdomoni!

Msinunue. Nimemaliza.

Kamera_Nkuhungu:
Sijamaliza. Alicheka pia.

Bin_Makulu:
Kwani humo kulikuwa na kitu cha maana? 😂😂😂

Shangazi wa Kisasa:
Pole mdogo wangu. Ila soksi?? Diski inachemka halafu unaivalisha soksi, ulitaka iende shule?

fundi_wa_nyuma_ya_soko:
Mkuu hiyo tik ni kile kichwa cha kusomea, kinatafuta alama zake kwenye sahani ya ndani inayobeba mafaili hakizioni, kinarudi mwanzo kinajaribu tena. Sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika na kichwa kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi. Kwa hiyo ACHA kuichomeka, kila tik inaweza kuwa inakwangua harusi. Na usimruhusu mtu aifungue mezani, hayo mambo yanafanyika kwenye chumba kisicho na vumbi. Dodoma hii chumba hicho utakipata wapi.

Bin_Makulu:
Iweke friza usiku kucha, dawa ya zamani hiyo

Kamera_Nkuhungu:
Nimeshaiweka. Imekaa na perege masaa matatu. Sasa inatoa tik na harufu.

fundi_wa_nyuma_ya_soko:
Mungu wangu. Ukiitoa inashika umande ndani kwenye sahani. Nimeinua mikono.

Mzee_wa_Dosi:
Nyie watoto mnalia haraka. Mwaka 2000 IBM walitoa hadidiski za Deskstar 75GXP, zikafa mpaka watu wakazibatiza Deathstar, wakapelekwa mahakamani huko Marekani, baadaye kitengo chote cha hadidiski wakawauzia Hitachi. Na ni hao hao IBM walioleta hadidiski ya kwanza duniani mwaka 1956. Sasa wewe na kaharusi kako.

Dada_Ihumwa:
Mleta uzi yuko sahihi, hiyo kampuni takataka, imeniulia mbili.

mtumishi_mtumba:
Nakazia. Mimi tatu. Nikahamia kwa wapinzani wao, raha mustarehe.

Dada_Ihumwa:
Wapinzani wao ndo hao walioniulia mimi

mtumishi_mtumba:
Subiri, wewe unaongelea kampuni ipi?

Dada_Ihumwa:
Si hiyo aliyosema mleta uzi

mtumishi_mtumba:
Mleta uzi hajasema.

fundi_wa_nyuma_ya_soko:
Hadidiski za kuzunguka siku hizi zimebaki kampuni tatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, na kila mtu anaichukia ile iliyofia mkononi mwake. Backblaze wa Marekani, wale wanaotunzia watu mafaili mtandaoni, wana hadidiski maelfu kwa maelfu, wanatoa takwimu zao kila robo mwaka, na humo kampuni moja hiyo hiyo ina modeli ngumu kama jiwe na modeli mayai. Bakapu wakuu. Nakala mbili.

Kamera_Nkuhungu:
Sijauliza bakapu. Nimesema ANATAFUNA MHOGO.

Shangazi wa Kisasa:
Mbichi au wa kukaanga?

Kamera_Nkuhungu:
Wa kukaanga. Na pilipili. Kaniachia alama ya kidole kwenye diski.

chuo_mwaka_wa_tatu:
Afadhali wewe ulipata diski ya kweli. Mimi nimeuziwa "SSD ya terabaiti 16", zile diski zisizozunguka, elfu hamsini, nikaweka ripoti yangu ya fildi, mafaili yanaonekana hayafunguki. Kuipasua ndani kuna memori kadi imegandishwa kwa gundi na kipande cha chuma cha kuongeza uzito.

Bin_Makulu:
Terabaiti 16 elfu hamsini na ukaamini, na chuo ukachaguliwa 😂

Dada_Ihumwa:
Mimi yangu waliniibia. Imeandikwa 1TB, yaani GB elfu moja, kuchomeka naona 931. Hizo 69 ziko wapi?

fundi_wa_nyuma_ya_soko:
Hujaibiwa dada, kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Dada_Ihumwa:
Basi nikalipe na mimi kwa 931

mtumishi_mtumba:
Hayo madogo. Nani anajua printa inayokataa kuskani eti wino mwekundu umeisha? Kuskani na wino wapi na wapi

Shangazi wa Kisasa:
Usinikumbushe! Yangu nyeusi imejaa pomoni inadai bluu, na ninachochapa ni barua ya kikoba.

Kamera_Nkuhungu:
Jamani mama wa bibi harusi yuko getini

mtumishi_mtumba:
Shangazi, yako ni ya katriji au ya tangi?

Shangazi wa Kisasa:
Katriji. Moja bei ya kuku wawili wa kienyeji

chuo_mwaka_wa_tatu:
Kuku wa kienyeji unapata wapi kwa bei hiyo shangazi, mimi Majengo wamenipiga