Mwenzangu wa briji ananidhalilisha mbele ya wapinzani, nifanyeje?

Shupaza_Nane:
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, maana nimefika mahali naogopa hata kufungua programu.

Nina mwenzangu wa kudumu kwenye briji ya mtandaoni (mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili), huu ni mwezi wa nane tangu tuanze kucheza pamoja. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Ananizidi uchezaji, na mfumo wetu wa kunadi (kuahidi tutakula mara ngapi) tumeujenga pamoja hatua kwa hatua, kwa hiyo kuanza upya na mtu mwingine si jambo dogo. Shida ni mdomo wake. Nikikosea, anaandika kwenye soga ya meza, wapinzani wote wawili wanasoma.

Juzi nilicheza 4 za shupaza, yaani shupaza zikiwa turufu nilitakiwa kula mara 10 (4 juu ya 6 za msingi). Sisi tulikuwa na shupaza 8, wao 5. Hizo 5 hugawanyika 3 kwa 2 karibu mara 68 katika 100, nami nikacheza kwa tumaini hilo. Zikawa 4 kwa 1. Nikala 9. Papo hapo akaandika: "Hata mtoto angeona." Mpinzani mmoja akatuma kicheko. Michezo 3 iliyobaki niliicheza mikono ikitetemeka, yote nikaiharibu.

Nimwache? Au mimi ndiye mwepesi wa kuumia?

Ree_Kavu:
Mwache leo hii. Mzuie kabisa asikuone mtandaoni.

Mzee_wa_Turufu:
Pole sana ndugu yangu. Usiharakishe kumwacha, nisikilize kwanza, maana mimi nilikuwa huyo mwenzako.

Nilidhani nafundisha. Mkishinda mnada, mmoja wenu hucheza na mwingine hulaza karata zake mezani. Ukiwa wewe uliyelaza huna la kufanya, unamtazama mwenzio akicheza, unaona kila kitu, na unasahau kwamba yeye haoni za wapinzani. Mtandaoni ni vibaya zaidi kwa sababu humwoni uso ukisawajika. Wenzangu watatu waliondoka kimya kimya. Wa nne ndiye aliyeniambia: "Ukiniandikia neno katikati ya mchezo, nasimama na kuondoka." Akasimama kweli, mara mbili. Nilijifunza. Sasa tuna mwiko mmoja: mezani neno ni "asante mwenzangu" tu. Makosa tunayapitia baadaye, rekodi ya karata ikiwa mbele yetu, na kila mtu anaanza na kosa lake mwenyewe.

Halafu kuhusu hizo shupaza: kama hukuwa na njia ya kujikinga na 4 kwa 1 bila kuhatarisha kitu kingine, ulicheza sawa. Matokeo mabaya si ushahidi wa kosa.

Kopa_Nyekundu:
Naongezea. Adabu si hisani ya mtu. Kanuni ya 74 ya briji ya mashindano inamtaka mchezaji aepuke neno au tendo la kumuudhi au kumwaibisha mwingine. Na akilalamika mnada ukiendelea, hilo ni kosa jingine: wenza huwasiliana kwa kunadi na kwa karata wanazocheza, basi. Tena anawapa wapinzani habari za bure.

Ree_Kavu:
Mnayachukulia mepesi haya. Mwaka 1929 kule Kansas City mke alimpiga mumewe risasi baada ya ugomvi wa briji, mume akafa. Mahakama ilimwachia mke mwaka 1931. Mkataba (ahadi ya mnada) walioshindwa kuutimiza unasimuliwa kuwa hizo hizo 4 za shupaza. Dharau huingia ndani sana.

Mzee_wa_Turufu:
Ndiyo maana nasema amwambie mapema, tena faraghani, si kwenye soga ya meza. Aseme sentensi iliyomuumiza, neno kwa neno. "Una lugha mbaya" halimsaidii mtu kujua aache nini.

Shupaza_Nane:
Asanteni sana. Nimemwandikia jana usiku. Nimenakili ile sentensi yake, nikamwambia ilinifanya nini kwenye michezo 3 iliyofuata, na kwamba ikirudiwa nasimama mezani. Amekaa saa nzima bila kujibu. Kisha: "Sikujua uliisoma hivyo. Tujaribu huo mwiko." Tunacheza kesho, michezo 12.