Nimevunja gurudumu la mbele nikiwa peke yangu kwenye ndege. Niandike nini?

Binti wa Tukuyu
Shikamooni wakubwa, wenzangu mambo. Nasomea urubani pwani. Wiki tatu zilizopita tulipandishwa huku Nyanda za Juu tukazoee viwanja vya milimani. Cessna 172, saa saba mchana, jua kali. Nilizunguka na mwalimu mara tatu, akashuka, akasema zunguka mwenyewe mara moja utue.

Nakaribia chini, ardhi inanijia mbio kuliko nilivyozoea. Saa ya mwendo inasoma noti 65 (maili za baharini kwa saa), ileile ya siku zote, ila macho yamekataa. Nikapunguza moto wa injini. Ndege ikazama kama gunia la viazi, ikadunda. Nikasukuma usukani ili ikae chini, ikadunda tena. Mara ya tatu gurudumu la mbele likalala, pangaboi ikala lami. Injini ikafa, kimya, nikawa naangalia kalamu yangu inavyobingirika sakafuni mpaka kwenye pedali. Mwilini nina alama ya mkanda begani tu.

Sasa niko nyumbani. Baba aliuza ng'ombe wawili na parachichi za msimu mzima kwa ajili ya ada. Shangazi kila akija ananipa pole kama ya msiba. Natakiwa kuandika maelezo, na mtu mmoja wa chuoni kanishauri niseme "upepo wa ghafla". Siku ile mfuko wa upepo ulikuwa umelala kabisa. Niandike nini? Na kuna aliyewahi kupitia hili akarudi kurusha?

Dereva wa Kitonga
Pole dada. Mimi ni wa semi, ndege nazionea juu. Andika upepo yaishe. Mimi niliwahi kuandika "breki" na kazi ninayo mpaka leo 😂

Mzee wa Hangari
Marahaba binti, pole sana. Dereva, mwache mtoto.

Macho yako yaliona kweli. Chukua Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya: kiko futi 4,400 hivi juu ya bahari. Kwa vitabu, joto la kimo hicho ni nyuzi 6. Mchana likifika 26, ndege inajiona iko futi 6,800. Hewa nyepesi. Sasa saa ya mwendo inapima msukumo wa hewa, haijui habari za ardhi. Ikisoma 65, wewe unakwenda kama 72. Lazima ardhi ikimbie! Ungeiamini saa ungetua salama. Ulipopunguza moto ukainyang'anya ndege kile kidogo kilichokuwa kinaibeba.

Lakini gurudumu halikuvunjwa na hilo. Lilivunjwa na kusukuma. Ikidunda mara ya kwanza, moto wote, pua shikilia, ondoka ukajaribu upya. Na huku uamue mapema, maana injini haishibi hewa, "moto wote" wa Mbeya si wa Dar.

Kuhusu maelezo: uchunguzi wa ajali za ndege unafuata Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, na lengo lake ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Ukiandika upepo, mwenzako atakayeletwa huku saa saba mchana ataona ardhi inakimbia vilevile, na atapunguza moto vilevile.

Nimefanya ufundi miaka mingi. Pua kama hiyo nimetengeneza nne za wanafunzi. Watatu wanarusha hadi leo. Wa nne ana duka la vifaa vya ujenzi, na ananizidi hela.

Binti wa Tukuyu
Ndaga fijo, mzee. Nimefuta upepo. Nimeandika 65, nikapunguza moto, nikasukuma. Hapo kwenye "nikasukuma" nimekaa kama nusu saa.

Ila mwalimu aliposhuka hakunigusia kabisa habari ya hiyo 72. Na hilo niandike?

Mzee wa Hangari
Liandike. Lipe mstari wake peke yake.